Klotilde Agomea Ndizi

Mwaka ule wa kwanza wa uhuru watu wengi wa Kisangani walipanda vyeo ghafla, lakini Tonton Émile alipanda mpaka akaipita ngazi yenyewe. Alilala akiwa muuza tiketi kwenye lango la bustani ya wanyama ya Tshopo, akaamka akiwa mkurugenzi. Mzungu aliyekuwa akikalia kiti hicho alikuwa ameondoka kwa ndege, akaacha kofia ya jua, bunda la funguo, na mamba ambaye hakuna aliyeujua umri wake. Tonton Émile alizichukua funguo, akaivaa kofia, na mamba akamwachia Mungu.

Chini ya utawala wake mpya wanyama wote walionyesha utii. Twiga wa msituni, yule okapi mwenye miguu ya mistari, alikula majani yake bila neno. Kasuku walitukana kama kawaida. Aliyegoma ni mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa roho ya bustani nzima: Klotilde.

Klotilde alikuwa sokwe jike, mpana wa mabega, mwenye kipara kidogo cha heshima juu ya paji la uso. Alifika pale akiwa mchanga kiasi cha kubebwa kwenye kikapu cha samaki, na mji mzima ulimjua. Sasa alikuwa ameketi kwenye kona ya kizimba chake, mgongo ukutani, akijing'oa manyoya ya mkono moja moja. Ukimpa ndizi, aliipokea kwa adabu, akaitazama, kisha akaiweka chini kama mtu anayerudisha zawadi ya mchumba asiyemtaka.

Mpwa wake Tonton Émile, Agathe, aliwasili katikati ya msiba huo. Alikuwa na miaka kumi na sita na alisoma bweni kwa masista ng'ambo ya mto, ila masista walikuwa wamekwenda likizo ambayo mwisho wake haukuandikwa popote, na shule ikafungwa. Walimu waliobaki waliagana na Agathe kwa machozi, na baadhi ya machozi hayo yalikuwa ya shukrani, kwa sababu ndiye aliyewahi kumfundisha kasuku wa jikoni kuitikia "Amina" katikati ya mahubiri. Somo moja tu alilipenda kwa dhati: sayansi ya viumbe. Alipomwona Klotilde amekaa vile, alisahau hata kusalimia.

"Tonton, huyu ana nini?"

"Tumbo," alisema Tonton Émile. Tangu awe mkurugenzi hakuwahi kukosa jibu.

Siku hiyohiyo akaja koplo kutoka ofisi ya mkoa, bunduki begani. Alimtazama Klotilde, akatazama rundo la ndizi zilizoanza kuwa nyeusi, akatikisa kichwa.

"Directeur, order iko order. Nyama mugonjwa ataambukiza wengine. Kama mpaka Jumamosi mangaribi hii makako haiyakula ndizi, mi nakuja kuimaliza."

"Hapana kumuita makako," Tonton Émile alimrekebisha, maana makako ni tumbili tu. "Anaitwa Madame Klotilde."

Koplo alimgeukia. "Babeleji balituita siye makako. Na makako yenyewe bakaiita madame? Donc, uhuru haiyafika hapa."

Akaondoka, na kwa mara ya kwanza mkurugenzi akavua kofia yake. Agathe aliinama mbele ya kizimba. Klotilde alimtazama kwa macho mekundu, bila hasira, bila hamu ya chochote. Agathe alikuwa amewahi kuona macho kama hayo mara moja, kwa bibi yake kule Yanonge, wiki chache kabla hawajamzika. Akavuta ndoo tupu, akaipindua, akaikalia.

"Hatauawa," alisema. "Tutachunguza."

Ndivyo ilivyoanzishwa, juu ya ndoo iliyopinduliwa, taasisi ya kwanza huru ya utafiti wa tabia za wanyama katika Kisangani. Mkuu wake alikuwa Agathe. Wajumbe walikuwa Tonton Émile, aliyehudhuria kwa sababu ya cheo, na Sefu, mlezi wa wanyama, kijana mrefu wa mtaa wa Kabondo, mtoto wa Wangwana, wale Waislamu wa mji, mpole hata kwa chui.

Nadharia ya kwanza ilikuwa ya mkurugenzi, hivyo iliheshimiwa kwanza. Tonton Émile alileta chupa ya mafuta ya mbarika, akampa mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Klotilde aliipokea chupa, akainusa, akaunyoosha mkono wake mrefu nje ya nondo na kuimimina yote, taratibu, juu ya kofia ya jua. Nadharia ya tumbo ikafungwa.

Nadharia ya pili ilikuwa ya Sefu.

"Mi nazani anamukumbuka Madame," alisema kwa upole. "Muke ya directeur wa zamani. Alikuwa anapita hapa kila asubui."

"Nadharia hujaribiwa, yaya Sefu," alisema Agathe, aliyemwita yaya kama mdogo anavyomwita kaka yake, na macho yakamwaka kwa namna ambayo masista wangeitambua na kukimbia.

Kesho yake asubuhi, kutoka nyumba ya zamani ya mkurugenzi, akatokea mwanamke wa Kizungu. Alikuwa na gauni la maua, viatu vilivyomzidi, mwavuli, na uso uliopakwa chaki ya ubaoni mpaka masikioni. Alitembea kama anayekanyaga mayai, akaongea Kifaransa kupitia puani, akilalamikia joto: "Bonjour, ma petite Klotilde! Oh la la, quelle chaleur!" Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani karibu na lango alilitupa panga akakimbia, maana hakuwa amesikia kwamba wamerudi.

Klotilde alimkagua mgeni huyo kutoka viatu hadi mwavuli. Kisha akajongea kwenye beseni lake, akanywa funda kubwa, akalishikilia mashavuni, akarudi, na kumpulizia lote usoni.

"Anakukumbuka kweli, Madame," alisema Sefu, akimpa Agathe taulo.

Nadharia ya pili ikafa palepale, imelowa chaki.

Baada ya hapo Agathe alikaa kimya, jambo ambalo lilimtia hofu mjomba wake kuliko mengine yote. Sista wa sayansi alikuwa na kanuni moja: kwanza macho, mdomo baadaye. Agathe hakuwahi kuijaribu. Sasa alikaa juu ya ndoo tangu umande ulipokauka mpaka popo walipotoka, akimtazama sokwe anayetazama barabara.

Maana hilo ndilo la kwanza aliloliona: Klotilde hakuutazama ukuta, wala hakuwatazama walezi, wala okapi jirani yake. Aliitazama barabara itokayo darajani. Alikuwa peke yake tangu dume lake lilipokufa zamani, na Agathe alijua kwamba sokwe hawakuumbwa kuishi peke yao. Lakini upweke huo ulikuwa wa miaka, na kugoma kula ni kwa majuma. Kulikuwa na kitu kingine kilichokatika. Nini?

Ijumaa alasiri lori la askari lilivuka daraja la Tshopo. Dereva alikuwa na furaha zake, akapiga honi: pi-pi-piii, pi-pi-piii.

Klotilde aliruka. Alilikamata gunia alilolalia, akalitupa kichwani, akalitandaza likamwangukia mgongoni hadi chini, akaenda mbio kwenye nondo na kunyoosha kiganja. Alisimama hivyo, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, kwa haya. Lori likapita na vumbi lake. Sauti ya honi ikafifia kuelekea mjini. Klotilde akangoja, akangoja, halafu gunia likateleza kichwani lenyewe, naye akarudi konani.

"Yaya Sefu! Umeona?"

"Nimeona. Anafanya bibi harusi."

"Anafanya nani?"

Sefu alimshangaa, kama mtu anayeulizwa maji ya mto ni ya rangi gani. Kumbe Agathe, aliyefungiwa bweni kila Jumamosi ya maisha yake, alikuwa mtu pekee Kisangani asiyejua. Kila Jumamosi msafara wa harusi ulitoka kanisani, au nyumbani kwa watu wa msikitini, ukauzunguka mji kwa honi, ukaja Tshopo kupiga picha kwenye maporomoko. Na kabla ya kurudi kwenye karamu, bibi harusi alipita kwa Klotilde kumpa kitu kitamu. Klotilde alikipokea, akalivuta shela kidogo, akalikagua kama mama mkwe, kisha akapiga makofi. Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka. Mji mzima uliamini kwamba ndoa isiyopigiwa makofi na Klotilde ni kuni mbichi: moshi mwingi, moto hakuna.

"Na sasa?"

"Sasa harusi iko wapi?" alisema Sefu. "Wakubwa wa Léopoldville wamefunga mto. Hakuna bateau, hakuna sukari, hakuna essence ya gari, hakuna kitambaa. Kila baba anasema tungoje."

Agathe alisimama juu ya ndoo yake, na taasisi ikatangaza matokeo.

"Si tumbo. Si Madame. Klotilde anakosa Jumamosi!"

Tonton Émile aliposikia alicheka mpaka kofia, ambayo bado ilinuka mafuta ya mbarika, ikamwangukia puani. "Sokwe afe juu ya kukosa harusi? Mutoto, masista walikufundisha nini?"

"Tonton, ile bar yako ya Mangobo ikifungwa mwezi mzima, wewe utakula vizuri?"

Mkurugenzi alilifikiria swali hilo kwa uaminifu wote aliokuwa nao. Hakucheka tena.

Basi ilihitajika harusi, na ilihitajika kesho. Sefu alikohoa, akatazama viatu vyake. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa mchumba. Mahari yalishapokewa, wazee walishakubaliana, na Hadidja alikuwa tayari tangu kabla mto haujafungwa. Tatizo lilikuwa baba yake Hadidja.

Papa Assumani alikuwa fundi cherehani wa Kabondo, na hakuna bibi harusi wa maana aliyetoka nyumbani kwao bila kupitia mikononi mwake. Agathe alimkuta dukani, futi ya kitambaa shingoni, pini zimepangwa kwenye ukosi wa shati kama nishani za jenerali. Nyuma ya pazia cherehani ya pili ilikuwa ikilia.

"Mademoiselle," alisema baada ya kumsikiliza kwa heshima, "mi niliwavika mabibi harusi wa hapa tangu kabla wewe huyazaliwa. Sasa mutoto wangu mwenyewe atoke na nini? Na kitenge ya mwaka jana? Batu batasema nini? 'Kwa Assumani njaa iko inashona.' Hapana. Satini yake nyeupe iko njiani."

"Njiani wapi, Papa?"

"Mtoni."

"Mto umefungwa, Papa."

"Donc satini iko inangoja. Na siye tunangoja."

Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza. Agathe alipotoka, hakuwa amefika hata kwenye kisima, Hadidja akamfikia mbio, nyuzi bado zimemganda kwenye kanga.

"We unataka harusi ya kweli ao ya kuonyesha sokwe?"

"Ya kuonyesha tu. Mchezo."

"Mi niko," alisema Hadidja upesi kupita kiasi. "Mchezo tu. Shangazi zangu watakuja kupiga vigelegele. Mchezo! Una kitambaa?"

Agathe alikuwa nacho. Sandukuni mwake mlikuwa na vyandarua vyote vya bweni, ambavyo aliviokoa visiibiwe, na njia aliyoitumia kuviokoa ilikuwa kuwatangulia wezi. Lakini Hadidja hangeweza kuvishona nyumbani chini ya pua ya baba yake, kwa hiyo kazi ikabaki kwa Agathe, ambaye katika somo la ushonaji Sista alimpa sifuri, kisha akaomba radhi kwa kuwa hapakuwa na alama ya chini zaidi. Alishona Jumamosi asubuhi nzima. Alipomaliza, nguo ilikuwa na mikono miwili, na hilo alilihesabu kuwa ushindi.

Alasiri msafara ukaondoka pembeni mwa Kabondo. Kwa kuwa essence hakuna, ulikuwa msafara wa baiskeli. Bibi harusi alikaa nyuma ya Sefu, shela limekunjwa lisiingie kwenye mnyororo, shangazi zake wakifuata, na Tonton Émile mbele kabisa, mkononi ana honi ya mpira aliyoing'oa kwenye gari bovu la mtangulizi wake. Amri ya Agathe ilikuwa moja: kimya, Papa Assumani asisikie. Kwa hiyo walipita mitaani wakinong'ona. Walipofika bustanini bado walikuwa wananong'ona, kwa mazoea. Shangazi Binti, mkubwa wa mashangazi, alipiga kigelegele cha kunong'ona, kitu ambacho hakikuwahi kusikika duniani na kilifanana na paka aliyekanyagwa mbali sana.

Tonton Émile alibana honi. Klotilde aliinua kichwa.

Akasimama. Akachukua gunia lake, akaja nalo mpaka katikati ya kizimba. Alimtazama Hadidja, akawatazama mashangazi waliosimama wameziba midomo, akamtazama Sefu aliyekuwa akigeukageuka kuangalia barabara kama mwizi wa kuku.  Klotilde alikaa pale muda kidogo. Kisha akaliacha gunia chini, akarudi konani, akalala na mgongo wake kwao.

 Sauti iliyosikika ilikuwa ya maporomoko tu. Agathe aliutazama ule mkono ulionyonyolewa, jinsi mfupa ulivyoanza kujichora, na jua lililokwisha kuinama kuelekea daraja, ambako koplo angetokea. Masista walimfundisha sala nyingi, na aligundua kwamba hakuna hata moja iliyotungwa kwa ajili ya sokwe. Akaanza kutunga.

"HADIDJA!"

Papa Assumani alikuwa anateremka kwa baiskeli bila breki, futi ikipepea shingoni kama bendera. Kabondo nzima ilikuwa imempasha habari kabla msafara haujavuka kona ya kwanza.

"Hadidja! Unaolewa bila baba! Mbele ya nyama!"

"Papa, ni mchezo tu!"

"Mchezo? Na shangazi zako wamevaa vile? Dada Binti, na wewe! Na umri wako huu!"

Kunong'ona kulikuwa kumemchosha Shangazi Binti tangu Kabondo. Aliyafungua mapafu yake yote.

"Umri wangu? Tuseme juu ya umri wa mutoto! Unangoja satini mpaka aote mvi? We Assumani, siku ya harusi yako ulivaa nini? Sema mbele ya batu! Kanzu ya kuazima! Na nilikuazimia mimi!"

"Nyamaza, dada!"

"Sinyamazi! Na ilikuwa fupi!"

Shangazi wa pili alianza kulia, kwa sababu harusi bila kilio haipendezi, na Shangazi Binti alimkaripia kwamba anaanza mapema. Sefu alijaribu kumwamkia baba mkwe wake na akaambiwa ashike baiskeli. Tonton Émile alitangaza kwamba yeye, kama mkurugenzi, anaomba utulivu, akaambiwa na pande zote mbili anyamaze. Watu waliokuwa wakipita darajani walisimama kuangalia, kisha wakaingia bila tiketi.

Agathe peke yake ndiye aliyegeuka. Klotilde alikuwa ameketi wima. Kisha alikuwa katikati ya kizimba. Kisha alikuwa kwenye nondo, ameshika mbili kwa mikono yote, uso umebanwa katikati, macho yakimfuata kila aliyesema, kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Kumbe hili ndilo alilolingoja. Ile ya kunong'ona haikuwa harusi hata kwa sokwe.

Halafu Papa Assumani, katikati ya sentensi kuhusu heshima ya ukoo, akaona pindo.

Mdomo ulibaki wazi. Hasira yote ya baba ilimtoka, na mahali pake ikaingia hasira nyingine, kubwa zaidi, ya fundi.

"Nani... nani alishona hii?"

"Mi, Papa," alisema Agathe.

"Ulitumia nini? Miguu?"

"Mikono, Papa. Miguu labda ingeshona vizuri zaidi."

"Simama wima," Papa Assumani alimwambia binti yake, naye tayari amepiga magoti. Pini zilianza kutoka kwenye ukosi kwenda mdomoni, na kutoka mdomoni kwenda kwenye chandarua. "Bega linaanguka. Hii mikunjo inaenda wapi? Inaenda Bunia! Geuka. Pumua. Usipumue. Dada, uzi." Shangazi Binti alimpa uzi bila kuacha kumtukana. Fundi alibana kiuno, akaufungua mkono mmoja na kuupachika upya, akalishusha shela likashika njia yake kutoka utosini hadi kisiginoni. Kisha akainuka, akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande mmoja kama wafanyavyo mafundi wote, akatazama.

Hadidja alisimama amezungukwa na weupe, jua la alasiri likipenya kwenye vitundu vya chandarua. Hata waliotoka darajani walisogea karibu kuona.

Paa. Paa. Paa-paa-paa.

Kila mtu alitazama mikono ya mwenzake. Hakuna aliyekuwa anapiga makofi. Klotilde alikuwa amesimama kwa miguu miwili nyuma ya nondo, akigonganisha viganja vyake vikubwa.

Vigelegele vilivyofuata viliwafanya kasuku wasahau matusi.

"Amepiga!" Shangazi Binti alilia. "Assumani, Klotilde amemupigia!"

"Mi ni Mwislamu," alisema Papa Assumani. "Mi hapana kuamini mambo ya sokwe."

"Usiamini. Nani anakulazimisha? Lakini kila mama ya Kabondo anaamini. Kesho watasema binti ya Assumani alipigiwa makofi akarudi nyumbani bila bwana. Utawaeleza wewe."

Papa Assumani alikuwa anatazama shela.

"Chandarua," alisema mwishoni, kama anayejisemea, "inaanguka vizuri."

"Kuliko satini, Papa?" Hadidja aliuliza taratibu.

"Sikusema kuliko. Nilisema vizuri." Akaviringisha futi yake. "Sefu! Juu ya nini uko unashika baiskeli yangu kama mulinzi? Panda, uende kumuleta shekhe."

Sefu aliondoka kwa kasi ambayo baiskeli ile haikuwahi kuiona, hata siku iliponunuliwa.

Shekhe alikuja, akasikiliza, akazificha ndevu zake kiganjani kwa muda, na waliokuwa karibu walisema alikuwa anacheka. Alitoa sharti moja: ndoa ifungwe ofisini mwa mkurugenzi, chini ya paa, na mashahidi wawe binadamu. Ikafungwa. Wakati huohuo majiko ya Kabondo na ya watu wa mtoni yalikuwa yanaongea. Wali ukaja, pondu ya majani ya muhogo ikaja, wavuvi wa Wagenya wakatuma samaki mrefu kama mtoto wa shule, na mama mmoja wa Isangi akaleta lituma, zile ndizi za kupika zilizotwangwa mpaka zikawa laini. Sukari haikuwepo, kwa hiyo lituma ya Klotilde ilipakwa asali ya msituni.

Hadidja alikuwa ameikamata sahani hiyo, anakwenda kizimbani na mume wake mpya, koplo alipotokea langoni. Bunduki ilikuwa begani. Aliwaona watu, akapunguza mwendo. Aliiona sahani, akasimama. Hata hivyo aliiteremsha bunduki kutoka begani, akaishika mikononi.

"Saa imefika, directeur."

"Ngoja," alisema Agathe. "Tafadhali, Koplo. Ngoja."

Klotilde aliupokea mkono wa Hadidja kwanza. Alilivuta shela, akalikagua pindo lote, akagusa pini kwa ncha ya kidole. Papa Assumani alisimama kama mwanafunzi siku ya mtihani. Kisha Klotilde akachukua lituma, akainusa, akaishikilia. Agathe alihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe na akapoteza hesabu.

Klotilde akauma. Akatafuna. Akameza, akalamba asali kwenye kidole kimoja baada ya kingine, na akanyoosha kiganja apewe nyingine.

Agathe, aliyekuwa hajawahi kulia mbele ya watu tangu kuzaliwa, alisema kwamba moshi wa majiko ulikuwa mkali sana siku hiyo.

"Anakula," koplo alikiri. Akakunja uso. "Lakini anakula lituma. Order ilisema ndizi."

"Na lituma ni nini kama si ndizi?" aliuliza Tonton Émile, na kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo, jibu lake lilikuwa sahihi.

Koplo alilizungusha jambo hilo kichwani kutoka pande zote. Bunduki ikarudi begani.

"Bon," alisema. "Na mi?"

"Na wewe nini?"

"Nimetoka mbali, directeur. Na ile samaki iko inanukia."

Walimkalisha kati ya mashangazi, ambako alishibishwa na kuulizwa juu ya wazazi wake, kabila lake na sababu ya kutooa. Akina mama wengine walikuwa wamemzunguka Hadidja, wakilipapasa shela kwa vidole viwili viwili, wakimuuliza Papa Assumani kitambaa hiki kinatoka wapi. "Ni kitambaa ya kipekee," alijibu, akitazama mawinguni, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuvifikiria vitanda vyao vya nyumbani.

Tonton Émile aligonga glasi kwa funguo za vizimba, akapanda juu ya ndoo ya taasisi, akaanza hotuba juu ya nafasi ya sokwe katika taifa huru. Ilikuwa hotuba ndefu yenye sehemu. Kabla ya sehemu ya pili, Klotilde, tumbo limejaa, alijilaza kando ya nondo na kulala fofofo, kinywa wazi, ncha ya shela ikiwa imeshikwa imara ndani ya ngumi yake.

Sefu aliinama kulitoa. Klotilde aliguna usingizini, akakaza ngumi.

"Vuta taratibu," alishauri koplo.

"Hapana kuvuta!" Papa Assumani alipiga kelele, akiwa ameacha sahani yake na kuja mbio. "Mtaharibu pindo! Kaeni hapo!"

Kwa hiyo bwana na bibi harusi wakakaa chini, bega kwa bega kando ya kizimba, na sahani zao zikaletwa hapohapo.